Vimbunga Viwili Vikikaribiana, Manyovu Inahusikaje?

Ndugu msomaji, iko habari moja ambayo huzuka kila mwaka ifikapo masika, nayo husafiri kwa kasi kuliko upepo wenyewe. Husemwa kwenye kituo cha basi, husemwa kiwandani wakati wa chai, na siku hizi hurushwa kwa simu kutoka mkono mmoja hadi mwingine: vimbunga viwili viko baharini, vinakuja, na siku vitakapokutana ndiyo utakuwa mwisho wetu. Mtu wa Kurasini huitazama bahari kwa mashaka. Naye mama yake mzazi, aliyeko Manyovu kule juu ya milima ya Kigoma, hupiga simu usiku na kusema, "Mwanangu, nimeyasikia ya huko. Niletee wajukuu zangu huku, huku hatuna bahari." Mtoto hucheka kwa adabu na kujibu, "Shikamoo mama. Usihofu, tumeambiwa tutulie." Kisha kila mmoja hulala akimwonea huruma mwenzake.

Katika mazungumzo hayo mafupi yamo makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba vimbunga viwili vikikaribiana hujumlishwa, kama mtu ajumlishavyo shilingi kumi na shilingi kumi. La pili ni kudhani kwamba aliye Manyovu hahusiki kwa kuwa hana bahari. Leo nataka tuyatazame yote mawili. Hilo la pili ndilo nitakalolipa nafasi kubwa zaidi, maana ndilo lisilosemwa redioni wala barazani.

Hapana budi kwanza tukijue kimbunga chenyewe. Kimbunga si upepo mkali tu. Ni mtambo mkubwa unaoendeshwa kwa joto la bahari. Maji ya juu ya bahari yakifikia nyuzi joto 26 na nusu hivi, na joto hilo likawa limeshuka chini vya kutosha, mvuke hupanda kwa wingi na kugeuka mawingu. Katika kugeuka huko hutoa joto, nalo joto huzidi kuivuta hewa ya chini kwenda juu. Hewa ya pembeni hukimbilia kuziba pengo. Walakini, kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo haifiki moja kwa moja. Hupindishwa njiani, ikaanza kuzunguka lile pengo badala ya kuliziba. Upande wetu wa kusini mwa ikweta huzunguka kwa kufuata mishale ya saa. Upande wa kaskazini huzunguka kinyume chake. Shika jambo hilo la mishale ya saa, ndugu msomaji, kwa sababu ndilo litakalotufikisha Manyovu.

Nguvu hiyo ya kupindisha hewa ni hafifu sana karibu na ikweta. Ndiyo maana kwa kawaida vimbunga havizaliwi ndani ya digrii tano za ikweta, na ndiyo maana Mombasa imelala usingizi mzuri zaidi kuliko Lindi na Mtwara kwa miaka mingi. Lakini kulala vizuri si kusalimika daima. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu mashambani. Pemba haikuumia kiasi hicho, na tangu hapo ndiyo iliyokuja kuwa shamba kuu la karafuu. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kingine kiliishukia Lindi. Wako wazee wa kusini waliokuwa wakihesabu umri wa watoto wao kwa kimbunga hicho.

Sasa tuje kwenye viwili. Jaribio lake unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani na watoto wako Jumapili hii, na gharama yake ni maji tu. Chukua karai pana, litie maji, nyunyiza pumba kidogo juu yake ili uone mwendo. Tumbukiza miiko miwili, mmoja kila upande, uikoroge yote miwili kuelekea upande mmoja, kisha uitoe kwa pamoja. Utaona mizunguko miwili midogo ya maji. Mtoto atategemea mizunguko hiyo igongane. Haitagongana. Itaanza kuzungukana polepole, kama watu wawili walioshikana mikono wakachezea mahali pamoja. Rudia tena, lakini safari hii koroga mwiko wa kulia kwenda upande mmoja na wa kushoto kwenda upande wa pili. Sasa mizunguko hiyo haitazungukana kabisa; itasafiri pamoja bega kwa bega hadi ukingoni mwa karai.

Mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Sakuhei Fujiwhara, ndiye aliyelichunguza jambo hili kwa makini, naye aliandika juu yake mwaka 1921, zama ambazo hapakuwa na satelaiti wala rada ya kumwonyesha bahari kutoka juu. Alianza na maji, kama wewe na karai lako, akatambua kwamba yanayotokea kwenye maji hutokea pia kwenye anga. Hadi leo wataalamu hulitaja jambo hilo kwa jina lake.

Kanuni yenyewe ni hii. Vimbunga viwili vya upande mmoja wa ikweta vikiwa vimeachana kwa zaidi ya kilomita 1,400 hivi, kila kimoja hushika njia yake. Vikisogeleana zaidi ya hapo, huanza kuhisiana. Upepo wa kila kimoja humsukuma mwenziwe pembeni, na vyote viwili huanza kuzunguka nukta fulani iliyo baina yao, kusini mwa ikweta kwa kufuata mishale ya saa. Vikiwa sawa kwa ukubwa, nukta hiyo huwa katikati. Kimoja kikiwa kikubwa na kingine kidogo, hali huwa kama ya baba anayemrusha mwanawe kwa mikono miwili: baba hugeuka pale alipo, mtoto ndiye anayepaa huku na huku. Tofauti ni kwamba mtoto hurudi chini salama, na kimbunga kidogo mara nyingi humalizwa na hicho kikubwa.

Methali ya fahali wawili, basi, haifai hapa. Hawa hawapigani. Wala hawaungani wakawa fahali mmoja mwenye nguvu za wawili. Kila kimbunga hutoa hewa nyingi juu, kwenye kimo cha mawingu ya mwisho, na hewa hiyo ikifika juu ya kichwa cha jirani hukikata kichwa hicho na kukipotosha umbo. Aidha, kimbunga kinapopita huikoroga bahari na kuyaleta juu maji baridi ya chini. Mwenziwe anayefuata nyuma hukuta moto umekwisha kupungua jikoni. Kwa hiyo anayekuambia kwamba viwili vikikutana nguvu huwa maradufu, mwambie kwa upole kwamba sivyo.

Lakini usimwambie kwamba hakuna hatari. Hatari ipo, nayo iko kwenye njia. Kimbunga kimoja peke yake wataalamu huweza kukifuatilia kwa siku kadhaa mbele, wakasema kesho kitakuwa hapa na keshokutwa pale. Vikiwa viwili vinavyozungukana, kosa dogo la kukadiria nguvu ya kimoja huharibu hesabu ya njia ya kingine. Kilichokuwa kikielekea nchi kavu hugeuka kikaenda zake baharini; kilichokuwa kimekwisha kupita hurudi.

Mifano ipo ya pande zote mbili. Mwishoni mwa Septemba 2025 watu wa pwani ya mashariki ya Marekani walikuwa wakijiandaa kumpokea Imelda. Mashariki yake palikuwapo kimbunga kikubwa zaidi, Humberto, na mvuto wake ulisaidia kumgeuza Imelda kwenda baharini upande wa Bermuda. Hao waliponea hapo. Katika bahari yetu hii ya Hindi, lakini ng'ambo ya mashariki kabisa, Aprili 2021 vimbunga Seroja na Odette vilikaribiana kaskazini magharibi mwa Australia. Odette, aliye mdogo, alizungushwa, akadhoofika na kutoweka. Seroja, aliyekuwa amekwisha kuleta vifo vingi Indonesia na Timor Mashariki, alishika kasi akaupiga mji wa Kalbarri tarehe 11 Aprili, mahali palipo kusini mno hata nyumba zake nyingi hazikujengwa kwa kufikiria vimbunga.

Mwezi huo huo wa Aprili 2021, wasomaji wa Dar es Salaam mtakumbuka, sisi tulikuwa tukimngoja Jobo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari, wavuvi wakapandisha ngalawa, na Jobo akafika pwani akiwa amechoka hana nguvu. Wako waliodhihaki. Nadhani dhihaka hiyo ndiyo iliyofanya baadhi yetu tumpokee Hidaya kwa uzembe miaka mitatu baadaye. Hidaya aliingia Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua zake ziliikata barabara ya kwenda Lindi na Mtwara pale Somanga, abiria na magari ya mizigo wakakwama siku kadhaa. Wiki mbili hivi baada ya hapo akazuka Ialy, akapita kaskazini mwa Madagaska na kupanda hadi karibu na Kenya. Hapo ndipo ile habari ya vimbunga viwili vitakavyokutana ilipopamba moto tena. Ukweli ni kwamba havikukutana wala havikuwa na njia ya kukutana: kimoja kilikuwa kimekwisha kufa kabla kingine hakijapewa jina. Ni sawa na Idai na Kenneth walioipiga Msumbiji mwaka 2019, mmoja Machi karibu na Beira, mwingine tarehe 25 Aprili kaskazini, jirani kabisa na Mtwara yetu. Walifuatana, hawakuonana.

Sasa twende Manyovu.

Manyovu, kwa wasiopafahamu, ni mahali pa mpakani. Wakubwa bado husema ni Kasulu, kwa kuwa ndiko ilikohesabiwa miaka mingi. Tangu mwaka 2012 iko katika Wilaya ya Buhigwe. Ukivuka mpaka umefika Burundi. Nchi yake ni ya vilima vinavyopandana, migomba, maharage, mahindi, na kahawa, na hewa yake ya asubuhi humfanya mtu wa Dar es Salaam atafute sweta. Magharibi, chini kabisa, limelala Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa ndiyo Kongo yenye misitu mikubwa. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kutoka hapo hadi bahari ya Hindi, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1,000. Hakuna kimbunga kilichowahi kutembea umbali huo kikafika na upepo wake. Kikishaingia nchi kavu hukosa maji ya moto na kufa.

Je, mama hana lake katika habari hii? Analo. Rudi kwenye mishale ya saa. Chora duara kwenye karatasi, liwe ndicho kimbunga kilichosimama mashariki mwa Madagaska, ile wazee wa mwambao waliyoiita Bukini. Zungusha kalamu kwa kufuata mishale ya saa. Upande wa juu wa duara, yaani kaskazini yake, kalamu yako inakwenda wapi? Inakwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Maana yake ni kwamba kimbunga kilicho kule mbali, kusini mashariki, huweza kusaidia kuivuta hewa kutoka magharibi, juu ya bara letu, ielekee baharini. Katika miezi ya kawaida upepo wetu mwingi hutoka baharini kuja bara. Siku hizo mambo hugeuka: hewa hutoka Kongo, ikiwa imebeba unyevu wa misitu, huvuka Ziwa Tanganyika, na mlango wa kwanza inaoubisha hodi ni vilima vya Kigoma. Hewa yenye unyevu ikilazimishwa kupanda mlima hupoa, na ikipoa huuangusha mzigo wake.

Jambo hili si la kubahatisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na wenzao walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa pepo hizi za magharibi katika Afrika Mashariki, wakaonyesha kwamba siku zinapovuma, mvua katika sehemu nyingi za kanda yetu huzidi wastani, na kwamba kuwapo kwa vimbunga mashariki mwa Madagaska ni mojawapo ya mambo yanayoambatana nazo. Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2018. Mwanzoni mwa Machi alizuka Dumazile upande huo wa Madagaska, na kabla ya mwezi kufika mwisho akafuata Eliakim. Pepo za magharibi zikavuma. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito mno: Kenya ilifurika, Dar es Salaam ilifurika Aprili, na tarehe 9 Mei bwawa la Solai katika Nakuru lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40. Haiwezekani kuvitwika vimbunga viwili mzigo wote wa masika mazima. Ziko sababu nyingine, kuanzia joto la bahari hadi mawimbi makubwa ya mawingu yanayoizunguka dunia. Lakini mchango wao katika ile Machi umeandikwa na wataalamu, na hakuna hata kimoja kati yao kilichokanyaga ardhi ya Tanzania.

Mwaka mmoja baadaye ulikuja mfano wa kinyume. Idai hakukaa mashariki mwa Madagaska. Alikuwa upande wa huku, kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji. Mawingu na unyevu vilikusanyika kwake, na sehemu kubwa za Kenya na kaskazini mwa Tanzania zikakaa zikitazama mbingu kavu wakati masika yalipotakiwa kuanza. Kwa hiyo habari ya mkulima haimo katika kujua vimbunga ni vingapi. Imo katika kujua viko upande gani wa kisiwa.

Na hapa ndipo uwili wa vimbunga unapoingia shambani kwa mama. Vikiwa viwili mashariki mwa Madagaska, vikazungukana, mmoja akamchelewesha mwenziwe kuondoka. Au vikifuatana kama mwaka 2018, cha pili kikakuta pepo za cha kwanza hazijatulia. Kinachojumlika si nguvu. Kinachojumlika ni siku. Na kwa mtu wa milimani, siku ndizo zinazoua. Mvua kubwa ya saa mbili hububujika juu ya kilima ikashuka mtoni. Mvua ya wastani ya siku nane huingia ndani ya kilima chenyewe, ikaukaa udongo, ikautia uzito, hata siku ya tisa kilima kinashindwa kujibeba.

Ufilipino ulijifunza hilo kwa uchungu mkubwa Oktoba 2009. Kimbunga Parma kilivuka kaskazini mwa kisiwa cha Luzon tarehe 3, watu wakashukuru kwamba kimepita. Lakini mashariki yake alikuwa akija Melor, aliye mkubwa zaidi, akielekea Japani. Wawili hao wakashikana. Huko kaskazini mwa ikweta mzunguko ni kinyume na wetu, basi aliye magharibi husukumwa kuelekea kusini: Parma akasimama, akarudi, akaikanyaga Luzon tena, na tena. Upepo wake ulikuwa umekwisha kupungua, hakuna aliyeuhofia. Mvua ndiyo iliyobaki, siku baada ya siku, juu ya milima ya Benguet. Milima ikaporomoka usiku juu ya nyumba za watu. Mamia walikufa, na wengi wao hawakuwa wameiona bahari wiki ile wala hawakusikia upepo wa kutisha.

Ndugu msomaji, soma tena sentensi hiyo ya mwisho ukiwa unaifikiria nyumba ya wazazi wako.

Huenda ukasema Ufilipino ni mbali. Blantyre si mbali. Mwaka 2023 kimbunga Freddy, aliyezaliwa karibu na Australia mwanzoni mwa Februari na kuvuka bahari nzima, aliingia Msumbiji mara mbili, na mara ya pili mvua zake ziliiangukia Malawi ya kusini. Mteremko wa mlima Soche ulishuka na matope na mawe juu ya vitongoji vya Blantyre. Nchini humo waliokufa walizidi 600, na mamia wengine hawakuonekana tena. Hata hapa kwetu, bila kimbunga chochote, tarehe 3 Desemba 2023 matope ya mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, yakaua zaidi ya watu 80. Mlima hauulizi mvua imetoka wapi.

Nimelitaja jambo la nyumba kwa makusudi. Wengi wetu tuliokuja mjini kufanya kazi tunajenga nyumbani kwa simu. Mshahara ukitoka hutumwa fedha za mabati, mwezi ujao za saruji, na ndugu aliyebaki kijijini ndiye msimamizi. Na siku hizi yuko kijana wa mjini ambaye hataki nyumba ya kufuata mkunjo wa kilima kama alivyojenga babu yake. Anataka kiwanja kilichonyooka kama cha Tabata. Basi kilima hukatwa. Ukuta wa udongo wa urefu wa mtu mmoja na nusu huachwa wima nyuma ya vyumba vya kulala, bila jiwe, bila nyasi, bila mfereji juu yake. Kiangazi chote panapendeza. Picha hutumwa mjini. Wazee walikuwa na akili yao katika kujenga juu ya mgongo wa kilima au penye mteremko wa taratibu, na kuiacha migomba ishike udongo wa juu. Binafsi naona ni afadhali kuwa na sebule ndogo kuliko kuukata mlima kwa ajili ya seti ya makochi.

Kama nyumba imekwisha kujengwa hivyo, bado lipo la kufanya. Mfereji uchimbwe juu ya ukuta ule wa udongo, si chini yake tu, ili maji yageuzwe kabla hayajafika ukingoni. Nyasi zenye mizizi mirefu zipandwe kwenye uso wake. Maji ya bati yasiachwe kumwagikia nyuma ya nyumba. Na wanaokaa humo wajue dalili: ufa mpya kwenye ardhi juu ya nyumba, mti au nguzo iliyoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ambao sasa unakwama, chemchemi iliyokuwa safi ambayo imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mvua ikiwa imedumu siku nyingi na moja ya dalili hizo ikaonekana, watoto wasilale humo usiku ule. Wakalale kwa jirani aliye mgongoni mwa kilima. Hilo halihitaji kibali cha mtu.

Mkulima naye ana hesabu zake. Maharage yaliyopandwa Februari na Machi huoza kwenye shina mvua isipokatika, na udongo wa shamba lisilo na makinga maji husafiri hadi Ziwa Tanganyika bila nauli. Msafiri pia: anayepanga kuwapeleka watoto Kigoma, Kasulu au Kibondo kwa likizo ya Pasaka huuliza habari za nauli tu. Siku ambazo pepo za magharibi zimeshika, yafaa aulize habari za barabara pia, na asione haya kuahirisha safari kwa siku mbili.

Tukija kwenye taarifa zenyewe, mnaosikiliza redio mtakuwa mmegundua kwamba kimbunga hupewa jina mara upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa. Jina ndilo watu wanalolishika. Mimi ningependa washike mambo mengine mawili yanayosomwa baada ya jina: kiko wapi, na kinakwenda wapi kwa mwendo gani. Ukisikia kiko mashariki mwa Madagaska na kinakwenda polepole, mpigie simu mama wa Manyovu, kwa kuwa huenda yeye ndiye mwenye kazi wiki hiyo, siyo wewe wa Kurasini. Ukisikia kiko kaskazini mwa Madagaska na kinakuja magharibi, hiyo ni zamu yako. Na ukisikia viko viwili vilivyo karibu, usiitegemee taarifa ya jana. Chukua ya leo asubuhi, kisha ya leo jioni, kwa sababu katika hali hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe hulazimika kuichora njia upya kila mara, na mtu anayekurushia ramani ya juzi kwenye simu, hata kwa nia njema, anakupotosha.

Vitabu huhesabu msimu wa vimbunga wa bahari yetu kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili. Hidaya na Ialy wote wawili walikuja Mei. Kwa hiyo ule mfereji wa nyuma ya nyumba usiachwe kujaa udongo Aprili ikiisha. Aliyeko kijijini ausafishe mara moja zaidi, na aliyeko mjini atume fedha ya kibarua.